Visi ya mti kwa mkono: tengeneza ekru kwanza

Swali: "Jambo Papa. Mimi niko fundi wa chukudu, nafanyia kazi nyumbani hapa Goma, Majengo. Sina eto ya kubania mbao. Nilichonga visi ya mkaratusi: nilizungushia kamba ya mgomba ili nipate mstari, nikaufuata kwa kisu. Ekru nikaichimba kwa patasi. Visi inaingia mizunguko miwili tu, halafu inakwama. Nilipolazimisha, meno matatu yakaruka. Mashine sina, na umeme kwetu ni wa kubahatisha. Nifanyeje? Na mvua zikianza, haitavimba?"

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu hapo uliposimama nami nilisimama. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita juu ya atelye yangu kule Birere, na eto yangu ya chuma iko chini ya jiwe mpaka leo. Nilipoanza upya sikuwa na fedha za kununua nyingine. Nikatengeneza ya mti. Visi yake ni ya mpera, na asubuhi hii nimefungia ubao kwa hiyo hiyo. Kwa hiyo jambo unalolitaka linawezekana, kwa mkono, bila mashine. Ila ulilianzia mwisho.

Kwa wasomaji walio mbali na Goma: eto ni jiliwa, ile taya ya kubania kazi kwenye benchi, visi ni parafujo, ekru ni nati, kole ni gundi, ekeri ni kile kifaa cha kupimia pembe mraba, na chukudu ni ule mkokoteni wetu wa mti wa magurudumu mawili wa kubebea mizigo. Nitatumia maneno yetu ya huku.

Makosa yako ni matatu: mti, kamba, na mpangilio wa kazi. Naanza na mpangilio, maana huo ndio uliokushinda. Ulichonga visi kwanza, halafu ukataka kuchimba ndani ya tundu meno yanayofanana nayo. Mwanangu, ndani ya tundu jicho haliingii, tupa haizunguki, na patasi haina pa kuegemea. Hakuna mkono wa fundi unaoweza kusahihisha meno ya ekru. Visi iko nje: unaiona, unaipima, unaipunguza palipobana. Basi ekru itangulie, na ikatwe kwa chombo kinachojiongoza chenyewe, kisha visi inyenyekezwe taratibu mpaka ikubali kuingia. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni uvumilivu.

Sasa mti. Najua kwa nini ulichukua mkaratusi: chukudu hubeba magunia ya viazi kutoka mlimani nao haulalamiki. Lakini kwenye chukudu nguvu inapita kwa urefu wa nyuzi. Visi ni kinyume. Unapokata bonde la jino unazikata nyuzi, na jino linabaki limesimama juu ya vipande vya nyuzi vyenye urefu wa milimita chache. Kinacholishikilia si nyuzi tena, ni ule mshikamano wa uzi mmoja na jirani yake. Mkaratusi ni hodari kwa urefu, lakini hupasuka kwa urahisi kati ya nyuzi, na ukikauka hujipinda. Ndiyo maana meno yako yaliruka kama vigae. Grevilea nayo usiijaribu: ni laini, na jino lake hubomoka kwa kidole. Libuyu ni mbao nzuri ya milango, lakini nyuzi zake hupishana, tabaka moja kulia na jingine kushoto, kwa hiyo patasi ikiwa laini upande mmoja wa bonde, upande wa pili inang'oa.

Unachotaka ni mti mgumu wenye chembe ndogo zilizobanana. Katika viwanja vyetu hiyo ni miti ya matunda: mpera, mchungwa, mlimau. Tafuta mpera mzee wenye shina nene, sentimita 20 hivi au zaidi, ulionyooka kwa angalau sentimita 60. Usitumie tawi zima lenye kiini katikati, hata likiwa na unene unaoutaka, maana mti wenye kiini ndani yake utapasuka kutoka kiini kwenda nje. Pasua shina katika robo nne, na kila robo ikupe mche wa mraba wa sentimita 6 ulio mbali na kiini. Paka rangi au nta kwenye ncha zote mbili, uweke kivulini penye upepo. Kama unataka kujua umekauka, usiugonge na kusikiliza. Upime kwenye mizani ya muuza maharage kila wiki na uandike. Siku uzito unapoacha kushuka, wiki tatu nne mfululizo, umekauka. Hesabu miezi, si majuma.

Vipimo ninavyokupa ni vya eto yangu. Visi ina kipenyo cha milimita 50. Hatua, yaani umbali kutoka jino hadi jino, ni milimita 12. Bonde lina kina cha milimita 5 na pembe ya digrii 90, kwa hiyo juu ya kila jino kunabaki ubapa wa milimita 2. Usiuondoe ubapa huo kwa kutaka jino kali, maana jino kali la mti huvunjika ncha siku ya kwanza. Tundu la ekru ni milimita 42. Usishangae meno ya mti kuwa makubwa hivi. Jino dogo kama la chuma lingekuwa na nyuzi fupi zaidi za kulishika. Wala usiogope kwamba hatua ya milimita 12 haitabana: ukiwa na mpini wa sentimita 20 kutoka katikati, mkono wako unatembea zaidi ya mita moja kwa mzunguko, na taya inasogea milimita 12 tu. Hata msuguano ukila sehemu kubwa ya nguvu hiyo, inayobaki inatosha kuponda ubao laini.

Tuje kwenye chombo cha kukatia ekru. Mafundi wa garaji wana taro, kile chuma chenye meno kinachokata meno ndani ya tundu. Wewe utatengeneza taro ya mti yenye kisu kimoja tu cha chuma. Si maarifa yangu. Heroni wa Iskandaria alieleza chombo cha namna hii katika karne ya 1, na maandishi yake hayo yametufikia kwa sababu Qusta ibn Luqa aliyatafsiri kwa Kiarabu katika karne ya 9. Visi za mti zimekamua zeituni, na zimebana karatasi kwenye mashine ya kuchapia ya Gutenberg kule Mainz, miaka ya 1450. Kwa hiyo usione haya kuwa nayo kwenye benchi lako.

Chonga mche wa mviringo wa urefu wa sentimita 45 na kipenyo cha milimita 42 kasoro kidogo, upite ndani ya tundu la 42 bila kucheza. Sasa acha kamba. Kamba ya mgomba hunyooka ukiivuta na hulegea ukiiacha, na jicho lako linakisia mteremko. Mzunguko mmoja unapata milimita 11, wa pili 14. Mstari wa visi huchorwa kwenye karatasi iliyolala mezani. Zungushia karatasi kwenye mche mpaka ipishane, itoboe kwa ncha ya msumari pale inapopishana, ifungue: umbali kati ya matundu mawili ndio mzingo halisi wa mche wako. Utapata karibu milimita 132. Ninaamini matundu hayo kuliko hesabu, kwa sababu mche wa mkono hauwi mviringo kamili. Kata karatasi kwa upana huo sawasawa. Weka alama kila milimita 12 ukingo wa kushoto, na vivyo hivyo ukingo wa kulia. Kisha unganisha kwa rula: alama ya sifuri kushoto na alama ya kwanza kulia, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu. Ukiibandika kwa kole kwenye mche, mistari yote iliyovunjika inaungana na kuwa mmoja unaopanda bila kukatika. Mara ya kwanza nilipouona ukiungana nilikaa nikiutazama muda mrefu.

Simamisha mche mbele yako: mistari inapaswa kupanda kuelekea kulia. Ikipanda kushoto, visi yako itafunguka pale unapotaka kufunga.

Chukua msumeno mdogo wenye mgongo, ufungie kipande cha mti ubavuni ili usizame zaidi ya milimita 6, ukate juu ya mstari ukiuzungusha mche polepole. Anza mkato sentimita 5 kutoka ncha ya mbele, uende sentimita 20. Usikimbie. Msumeno ukitoka nje ya mstari kwa nusu milimita, nusu milimita hiyo itaonekana kwenye ekru.

Sasa ekru na kiongozi wake. Ekru iwe kipande cha mchungwa mkavu, unene wa sentimita 7, na tundu lipite ubavuni kwa kukata nyuzi, si kwenye ncha ya mbao. Kiongozi ni kigogo kingine cha unene wa sentimita 4. Vibane pamoja, toboa matundu mawili madogo kwenye kona mbili, pitisha vijiti vilivyonyooka, halafu toboa tundu kubwa la 42 katika vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Vijiti hivyo vitalinda mstari baadaye utakapovitenganisha. Kama keekee yako haina ncha kubwa hivyo, zungushia matundu madogo ndani ya mduara, ondoa kitovu, na umalizie kwa patasi ya mviringo. Hapa kuna kazi ya kuangalia kwa karibu. Sugua mche wa taro kwa mkaa, uingize tundoni, uzungushe, utoe. Palipobaki weusi ndipo panapobana. Kata weusi huo tu, unyoya mmoja, kisha urudie. Vijana wengi hutoboa tundu kubwa kwa bomba la maji lililowekwa motoni mpaka liwe jekundu. Kwa mpini wa jembe ni sawa. Kwa ekru, hapana: meno yako yatasimama juu ya makaa.

Juu ya kigogo cha kiongozi weka ulimi: kipande cha bamba la msumeno uliokufa, kilichokatwa mdomo wa mviringo, kikiingia ndani ya tundu kwa milimita 4 au 5 kwenye robo tu ya duara. Bamba hilo litaingia vizuri kwenye mkato wa taro, kwa sababu meno ya msumeno yametanuliwa na mkato wake daima ni mpana kidogo kuliko bamba. Weka kabari nyembamba chini ya ncha moja ya ulimi ili ulale kwa mteremko wa mkato, ukaze kwa visi mbili ndogo. Ukiuzungusha mche sasa, unashuka wenyewe, milimita 12 kila mzunguko. Ukikwama mahali, usilaze ulimi upya. Angalia mkato, ndio wenye kosa.

Kisu nilikitoa kwenye tupa ya zamani. Kisage kwenye jiwe mpaka ncha iwe ya digrii 90, ikae bila mwanga kwenye kona ya ndani ya ekeri, na ukichovye majini kila mara. Chuma kikigeuka bluu kimekuwa laini, anza tena. Sentimita 2 kutoka ncha ya mbele ya taro, chimba tundu la mraba lisilotoboka upande wa pili, kisu kiingie kwa kubana na kikazwe kwa kabari. Mbele ya kisu chonga kijibonde cha kupokea maranda. Tafuta pakiti ya biskuti, ukate vipande kumi vidogo vya karatasi yake ngumu. Kila kimoja kina unene wa kama nusu milimita.

Tenganisha kiongozi na ekru kwa sentimita 3, ukiweka vipande vya mti kati yake, na ubane vyote visitikisike. Pitisha taro kwenye kiongozi kwanza, na hapo katikati, kwenye mwanya, ndipo utakapokitia kisu. Kisu kitokeze nusu milimita. Zungusha kwa mpini mpaka kipite ekru yote, kisha urudishe nyuma mpaka kirudi kwenye mwanya. Fagia maranda. Weka kipande kimoja cha karatasi nyuma ya kisu. Zungusha tena. Mpitisho wa kwanza utaona alama nyembamba tu, kama mkwaruzo wa ukucha. Wa nne, nyuzi zinaanza kuja kama uzi wa kushonea. Ukifika wa nane mkono utachoka na utashawishika kuweka karatasi mbili kwa pamoja. Usifanye hivyo: ndipo jino linapong'oka ndani, mahali ambapo hutalibandika kamwe. Kidogo cha sabuni kavu ndani ya tundu kinasaidia. Karatasi ya kumi ikishaisha, ekru yako imekamilika, na hutaigusa tena.

Sasa visi. Kutoka mche wa mpera, randa mraba wa milimita 50 kamili. Weka alama milimita 14.6 kutoka kila ukingo, kwenye nyuso zote nne, na uondoe kona mpaka alama: una pembe nane zilizo sawa. Toa kona hizo upate kumi na sita, na baada ya hapo randa nyepesi na kipande cha kioo kilichovunjika vitamaliza mviringo.

Karatasi tena, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri huanguka. Hawatumii karatasi mpya. Hunakili mteremko wa taro. Lakini visi ni nene kuliko taro: mzingo wake ni karibu milimita 157. Ukitumia mteremko ule ule juu ya mzingo mkubwa zaidi, hatua inakuwa zaidi ya milimita 14, na visi itakwama baada ya mizunguko miwili, kama yako. Kinachopaswa kulingana ni hatua. Mteremko utajibadilisha wenyewe ukikata karatasi mpya kwa mzingo mpya na alama zile zile za milimita 12.

Chora mistari miwili: mweusi wa bonde, na mwekundu unaopita katikati ya mizunguko ya mweusi, wa kilele cha jino. Kwenye mweusi kata kwa msumeno, kizuizi kikiwa milimita 4.5. Kisha chukua patasi yenye makali kabisa, uteremshe kila upande kutoka karibu na mwekundu kwenda chini ya mkato, ukiacha milimita moja kila upande wa mwekundu. Kata ukishuka bondeni daima, usipande. Na malizia kwa tupa ya pembe nne. Si ya pembe tatu: hiyo ina kona ya digrii 60 na itakuchimbia bonde jembamba. Kona ya tupa ya mraba ni digrii 90, ndilo bonde lenyewe. Ilaze ndani yake nayo itafuata.

Jino la kwanza lipunguze taratibu mpaka liishie bure, ili visi ijue njia. Paka mkaa ndani ya meno ya ekru, ingiza visi mpaka ikaze kidogo, rudisha. Utaona alama nyeusi kwenye ubavu wa meno mawili matatu. Piga tupa hapo mara mbili, si zaidi, ujaribu tena. Siku ya kwanza yangu ilifika mzunguko wa tatu na nikalala. Siku ya pili ilipita. Usikaze kwa mpini wakati huu; tumia vidole, vidole vinahisi jino linapolalamika.

Kichwa cha visi kitengeneze kwa kipande kingine kinene, ukiunganishe kwa kole na kijiti kilichopita katikati, na tundu la mpini liwe kwenye hicho kichwa, si kwenye visi yenyewe. Ekru ifunge nyuma ya mguu wa benchi kwa visi za chuma.

Uliuliza kuhusu mvua. Ndiyo, itavimba, ila si kila upande. Mti kwa urefu wake karibu haubadiliki, kwa hiyo hatua ya visi, zile milimita 12, itabaki ile ile, iwe Julai au Novemba. Unavimba kwa unene, tena upande unaofuata duara za umri huvimba karibu mara mbili ya ule unaotoka kiini kwenda ganda, na visi yako ya mviringo itakuwa yai kidogo. Ndiyo maana usiifanye ikaze barabara wakati wa kiangazi. Iache icheze kiasi cha unene wa karatasi ya daftari. Iyeyushie nta ya nyuki au mshumaa kwenye meno ikiwa na joto la jua, na urudie mvua za Septemba zinapoanza. Mawese usipake: hayakauki, huvuta vumbi la lava, na vumbi letu la Goma hula meno kama msasa. Ikibana sana Novemba, iache imelegea usiku, mbali na sakafu. Siku ikitoa sauti kavu ya kukwaruza, ni nta imeisha. Ongeza kabla hujaendelea kukaza.

Taro ifute, ipake nta, na utie kisu chake kwenye kitambaa chenye mafuta. Benchi lako litataka visi ya pili, ya taya ya ubavuni, na safari hiyo utaanza moja kwa moja kwenye ekru.